Riba inaturudia wenyewe? Inamrudia nani?

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Mama mmoja wa kikundi ninachokifundisha huku Mbagala kasimama kuomba mkopo wa laki sita, ada ya mtoto, miezi mitatu. Nikamuuliza kama ameshapiga hesabu ya riba. Akacheka, wenzake nao wakacheka, katibu akanijibu kwa niaba yake: "Mwalimu, riba ya kikundi siyo riba. Inaturudia wenyewe."

Miaka kumi na moja nafundisha vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Siku ile nilinyamaza kwa sababu wingu lilikuwa limetanda na wenye funguo tatu za sanduku la fedha za kikundi walishaanza kuangalia saa. Leo sinyamazi.

Daftari hili hapa. Wanachama 25, na tuseme hisa zao, yaani akiba wanayoweka, zinalingana ili nisiwachoshe. Riba asilimia 10 kwa mwezi. Laki sita kwa miezi mitatu ni riba ya 60,000 mara tatu, yaani 180,000. Hela hiyo inaingia kwenye mzunguko, Desemba mnavunja mzunguko, mnagawana kwa hisa. Katika riba aliyoitoa mwenyewe, mama yetu anarudishiwa sehemu moja kati ya 25. Ni 7,200. Zile 172,800 zilizobaki zimekwenda kwenye nyumba nyingine 24.

Kwa hiyo ni kweli, ina-TU-rudia. Hako ka-"tu" ndiko kanakonikera. Ni kasilabi kamoja, lakini ndani yake wamejificha watu wawili ambao maslahi yao hayafanani hata kidogo: anayekopa kila mara, na anayenunua hisa tano kila wiki asikope mwaka mzima. Wa kwanza anamlipa wa pili. Hakuna mahali pengine hiyo faida inapotoka. Sanduku halilimi wala halifugi kuku.

"Lakini mwalimu, mbona Desemba nilipata faida?" Ulipata, sibishi. Mwaka jana nilikaa na mwanachama mmoja tukafungua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa. Hisa za 10,000 kila wiki, wiki 52, jumla 520,000. Kwenye mgao akapokea 650,000. Faida 130,000, na vigelegele alipigiwa. Tukarudi kurasa za marejesho: riba ya mkopo wa Januari 180,000, ya mkopo wa Juni 100,000. Ametoa 280,000, amepokea 130,000. Nilimwona anarudia kujumlisha kwa kidole. Riba inatoka vipande vipande, kila kipande na uchungu wake mdogo unaosahaulika, mgao unakuja siku moja, kwenye bahasha, na pilau. Ukiwauliza watu wanakumbuka nini, wanakumbuka pilau.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo inayoninyima usingizi. Hiyo asilimia 10 yenyewe siyo 10. Katiba nyingi zinatoza riba kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama mtu analipa mtaji, yaani hela yenyewe aliyokopa, kidogo kidogo. Mama yetu analeta rejesho la 260,000 kila mwezi: mtaji laki mbili, riba 60,000. Mwezi wa kwanza anadaiwa laki sita, sawa. Mwezi wa pili anadaiwa laki nne, na bado analipa 60,000. Mwezi wa tatu mkononi mwake zimebaki laki mbili za kikundi, na bado analipa 60,000! Mwezi huo pekee ni asilimia 30. Ukichukua miezi yote mitatu kwa wastani wa deni alilokuwa nalo kweli, ni asilimia 15 kwa mwezi. Kama riba ingetozwa juu ya salio angelipa 60,000, kisha 40,000, kisha 20,000. Jumla 120,000. Tofauti ya 60,000 ni kwa sababu ya sentensi moja kwenye katiba ambayo hakuna aliyeisoma tangu siku ya kuipitisha.

Na hao hao ndio wanaolia na kausha damu, mikopo ya mitaani ya riba kubwa. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu wanaokopesha bila kupokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na wakiuvuka tunapiga kelele, kwa haki kabisa. Sisi wa vikundi, ambao Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka daraja la nne, riba tunajipangia wenyewe, tukajipangia 10, tukaiita upendo.

Kuna vikundi vimekwenda mbali zaidi: kila mwanachama lazima akope, eti ili wasiokopa wasiwanyonye wanaokopa. Wameliona tatizo, nawapongeza, halafu wakaliponya kwa kumlazimisha mtu abebe deni asilolihitaji. Nimemwona mtu ameziweka laki tatu chini ya godoro mwezi mzima, anazilipia riba, anasubiri siku ya kuzirudisha.

Turudi kwenye ada. Januari haijatangazwa jana. Mtoto akizaliwa leo, tunajua mwezi atakaoanza shule. Laki sita ukizigawa kwa miezi 12 ni 50,000, pungufu ya rejesho moja la huyu mama mara tano na ushee. Hiyo ndiyo bajeti ya nyumba, basi. Zile kanuni za nusu ya mshahara matumizi, asilimia 30 starehe, 20 akiba, sizifundishi tena. Aliyezibuni hakuwahi kununua mafuta ya kula ya kupima. Nyumba ya kipato cha siku kwa siku inahitaji orodha ya matukio makubwa ya mwaka yanayojulikana (ada, kodi ya miezi sita, sikukuu) na kibubu cha kila tukio. Mengine nitaandika siku nyingine.

Lakini nisijifanye mjuzi kuliko nilivyo. Kitabu ninachofundishia kinasema mtu atumie akiba yake kwanza kabla ya kukopa. Nimewahi kumwambia hivyo mama mmoja muuza chapati, akanitazama kama mtoto. Akasema: "Mwalimu, nikidunduliza ndani, shemeji anaijua. Nikikopa, kikundi kinanijua." Kibubu hakina aibu, kinavunjwa usiku kwa kisu na asubuhi hakuna anayekuuliza. Rejesho la Jumamosi linadaiwa mbele ya majirani 24. Aibu ile ina thamani, na mimi sijawahi kujua niiandikie shilingi ngapi. Huenda zile 172,800 ni ada ya kulindwa na watu wa nyumbani kwako. Huenda ni ghali. Mwaka ambao mwanangu aliingia kidato cha kwanza nilikuwa na hela benki, na bado nilikopa kikundini, kwa sababu nilijijua: za benki nikizigusa mara moja nazimaliza.

Na kwa mfanyabiashara ni habari nyingine. Anayechukua dagaa soko la samaki la Feri alfajiri na kuwamaliza jioni, mtaji ukazunguka mara kadhaa kwa wiki, hiyo asilimia 10 haimtishi. Mfumo huu wa vikundi vya akiba, shirika la CARE lilipouanzisha Niger mwaka 1991, uliwakuta akina mama wa vijijini ambao benki ilikuwa mbali nao, na mkopo mdogo wa kuzungushia biashara ulikuwa mkombozi. Ada haizunguki. Ukishailipa shuleni imelipwa.

Nilirudi kikundini Jumatano na hesabu hizi kwenye bango. Nikapendekeza riba iwe juu ya salio kuanzia mzunguko ujao. Wakasikiliza vizuri sana. Kisha mweka hazina, binti mpole asiyesema sana, akainua mkono: "Mwalimu, wewe hisa zako si tano kila wiki? Na mwaka huu hujakopa?"

Ni kweli. Mimi pia ni mwanachama.

Tukapiga kura. Pendekezo likaanguka, 9 kwa 16. Mama wa laki sita alikuwa miongoni mwa wale 16. Akaniambia tukiwa njiani kuelekea kituo cha daladala kwamba aliogopa mgao wa Desemba utapungua.