Mshahara ukipanda, kazi hupungua?

Kila Mei Mosi wafanyakazi wakidai nyongeza, hakosi mtu wa kusema: "Mkiongezewa, mtapunguzwa." Inaingia akilini, nyanya zikipanda bei tunanunua chache. Ila mfanyakazi si nyanya.

Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05. Jirani yake, Pennsylvania, halikugusa chake. Wachumi David Card na Alan Krueger wakahoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada: mna wafanyakazi wangapi, chipsi mnauzaje? Hawakuona ajira zikipungua New Jersey. Kilichopanda kidogo ni bei ya mlo.

Sababu mojawapo ni kwamba mwajiri anayelipa kiduchu hukimbiwa kila mara, na kutafuta mtu mpya na kumfundisha ni gharama. Wapo wachumi waliopinga matokeo hayo, na kusema kweli kima kikirushwa juu mno kwa mkupuo, kuna watakaoumia. Card alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki.