Kiganja ukutani saa tatu usiku

Mwezi Februari mteja aliniita kwake Sinza, Dar es Salaam. Ukuta wa magharibi alikuwa ameuvalisha paneli za alumini za kijivu cha mkaa, akiamini zitazuia joto. Saa tatu usiku niliweka kiganja kwenye plasta ya ndani, juu tu ya kitanda cha mtoto. Ilikuwa bado ya moto, na jua lilishazama tangu magharibi.

Alumini yenyewe haizuii joto. Ni miongoni mwa metali zinazolipitisha haraka sana. Mbao ni habari nyingine: sentimita 2 tu huzuia joto sawa na sentimita 10 hivi za tofali la kuchoma. Sufu ya mawe, yale magodoro ya nyuzi za mwamba ulioyeyushwa, huwashangaza wengi. Sentimita 5 zake ni sawa na ukuta wa tofali za saruji wenye unene wa karibu mita moja na nusu. Nani atajenga ukuta huo?

Kwa mteja wangu, kosa kubwa lilikuwa nyuma ya paneli. Palikuwa na uwazi wa vidole viwili, na fundi aliuziba kwa silikoni juu na chini, kazi safi kabisa kwa macho. Paneli ikipigwa na jua, hewa iliyofungiwa inachemka, haina pa kutokea, joto linaishia kwenye tofali. Tofali likishashiba, linalitema chumbani usiku. Tulikata silikoni, tukaacha mianya, tukaweka wavu wa kuzuia panya na mijusi. Sasa hewa ya moto inapanda na kutoka yenyewe. Rangi ningechagua nyeupe, maana jua la saa kumi huja limelala, linaupiga ukuta uso kwa uso, na upenu haufui dafu.

Kwenye ghorofa nakuwa mkali zaidi. Uwazi unaopandisha hewa hupandisha na moto. Jengo la Grenfell Tower, London, liliungua Juni 2017 na watu 72 wakafa. Paneli zake zilikuwa za alumini yenye kiini cha polithini, plastiki inayowaka. Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei naomba kipande, natazama katikati yake kuna nini, kisha naomba cheti cha kipimo cha moto. Muuzaji asiye nacho, sinunui kwake.