Mtoto Anapoandikiwa Dawa za Saikosisi: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kununua Tena kwa Karatasi ya Daktari

Haloperidoli, risperidoni, olanzapini na klopromazini ni dawa za kutibu saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia sauti zisizokuwepo, kuona wasivyoona wenzake na kushikilia imani ambazo hatolewi kwa hoja yoyote. Hata hivyo, mtoto anaweza kuandikiwa mojawapo akiwa hana saikosisi kabisa. Ana usonji (autism) na hujigonga kichwa ukutani. Au halali usiku. Au mwalimu amesema ameshindikana darasani. Mzazi huambiwa hii ni dawa ya kumtuliza, karatasi hukunjwa, boti ya kurudi Faza, kisiwani Pate, huwa inasubiri.

Daktari kuandika dawa kwa ugonjwa au umri ambao mamlaka ya dawa haikuuidhinisha si uhalifu. Dawa nyingi hazikupata kujaribiwa vya kutosha kwa watoto, hivyo madaktari wa watoto duniani kote hulazimika kufanya hivyo. Lakini pale ambapo idhini haipo, mara nyingi ushahidi nao huwa haba, na mzazi ana haki ya kuelezwa kwa kina zaidi: dawa ni ya nini hasa, kwa muda gani, na nani atamfuatilia mtoto.

Chukua risperidoni. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa watoto wenye usonji wa miaka 5 hadi 16, kwa ajili ya hasira kali, kujiumiza na kushambulia wengine. Haiponyi usonji. Mtoto asiyesema hataanza kusema kwa sababu ya kidonge hiki. Na kwa mtoto mtundu tu, au asiyelala tu, mimi nikiwa mfamasia sioni sababu ya kuanza na dawa ya aina hii. Makampuni nayo yamewahi kuvuka mpaka: mwaka 2013 Johnson & Johnson ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kule Marekani kumaliza kesi zilizojumuisha tuhuma za kunadi Risperdal, jina la kibiashara la risperidoni, kwa matumizi yasiyoidhinishwa, ikiwemo kwa watoto.

Kwetu Lamu linalonitia hofu zaidi ni karatasi kuukuu. Bingwa wa akili yuko mbali. Kumfikia Mombasa ni boti hadi Mokowe upande wa bara, kisha basi kutwa nzima. Kwa hiyo dawa iliyoanzishwa kwa kipindi kigumu cha miezi michache huendelea kununuliwa kwa karatasi ileile, mwaka baada ya mwaka, mtoto akikua, uzito ukibadilika, na lile tatizo la mwanzo pengine limeshaisha. Hakuna aliyeamua kwamba aendelee. Ni kwamba hakuna aliyeuliza tena.

Kuna suala la kukata vidonge pia. Haloperidoli mara nyingi huja ya miligramu 5. Mama huikata kwa wembe juu ya sahani, akatoa robo, na robo hiyo, ikikatika sawasawa, ni miligramu 1.25. Mtoto mdogo kwa kawaida huanzishwa kwa miligramu 0.5 kwa siku. Tena kidonge hakikatiki sawasawa. Leo kipande ni kikubwa, kesho ni vumbi. Ukiambiwa ukate, uliza kwanza kama kuna ya maji au ya nguvu ndogo.

Ndani ya siku chache za mwanzo, hasa kwa haloperidoli na hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja ikakaa hivyo, macho yakageukia juu, taya likakaza, ulimi ukatoka nje. Mtoto yuko macho, anasikia kila kitu, ana hofu kuu. Nyumbani wengi husema amepandisha mashetani, na anapelekwa kusomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Sina neno na dua. Ila hayo ni madhara ya dawa, yana tiba, na akidungwa sindano inayofaa shingo hulegea kwa muda mfupi. Hali hii ikishika koo huzuia pumzi, kwa hiyo mkimbizeni hospitali, hata iwe usiku, na mbebe pakiti ya dawa mkononi.

Madhara mengine hayapigi kelele. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, watoto na vijana walioanza olanzapini waliongezeka wastani wa kilo 8.5 katika muda wa wiki 11 hivi. Wa risperidoni kilo 5.3. Huku kwetu mtoto akinenepa watu humsifu kwamba ameshiba, na sukari ya damu hupanda bila kupimwa. Risperidoni huweza pia kupandisha homoni ya maziwa: matiti ya mvulana yakaota, hedhi ya msichana ikakatika. Kijana anayekataa kuvua fulana wenzake wakichupa baharini hatakwambia kwa nini. Muulize kwa upole, peke yake.

Miezi ya kaskazi, joto likizidi, dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Maji na kivuli ni vya lazima, na klopromazini hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Klopromazini pia huweza kuamsha kifafa, kwa hiyo sema mapema kama mtoto ana historia yake. Kijana anayefunga Ramadhani asiruke dozi kimyakimya. Nyingi hupangika baada ya futari au wakati wa daku, mradi aliyeziandika ashirikishwe.

Kabla ya kidonge, mtoto apimwe uzito na sukari, masikio na macho yakaguliwe, na iulizwe kama ana jino bovu au choo kigumu. Mtoto asiyeweza kusema hujipiga pia kwa maumivu.

Ukiwa tayari una karatasi ya zamani, usiitupe dawa leo. Kuiacha ghafla huweza kuleta kutapika, kukosa usingizi na vurugu kali kuliko za mwanzo. Nenda kliniki na pakiti zote, taja tarehe dawa ilipoanza, kisha uombe ipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na uandikiwe tarehe ya kurudi kupimwa.