Jangwani, Askari Huangushwa na Nzi Kabla ya Adui

Mwaka 1942, katika vita vya Afrika Kaskazini, majeshi ya Ujerumani na Italia yaliyoongozwa na kamanda Mjerumani Rommel yaliandamwa na kuhara damu na homa ya ini. Waingereza walipigana kwenye jangwa hilohilo, lakini magonjwa hayo hayakuwapunguza sana kama wapinzani wao. Walikuwa wamechimba vyoo, wakafukia taka, na makamanda wao walikagua usafi kama walivyokagua silaha. Walipoteka mahandaki ya wapinzani wao huko El Alamein, Misri, walikuta kinyesi kimeachwa wazi na nzi wametanda. Rommel mwenyewe aliugua, na Septemba mwaka huo alirudi Ujerumani kutibiwa.

Tunaoshughulikia afya ya askari hatuchoki kuwakumbusha makamanda habari hiyo, kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba mahali pakavu ni mahali safi. Nzi anahitaji kinyesi au mabaki ya chakula tu, na kwenye joto kali yai lake huweza kuwa nzi kamili ndani ya siku kumi hivi. Akitoka chooni anatua kwenye sahani, anatapika mate ili alainishe chakula, kisha anakifyonza. Hapo vijidudu vimeshafika.

Kwa hiyo choo kiwe angalau mita 100 kutoka jikoni, upande ambao upepo hauelekei kambini, na angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kiwe na mfuniko unaojifunga wenyewe. Mlangoni pawe na maji na sabuni, na awepo mtu mwenye zamu ya kuhakikisha havikosekani. Ndoo isiyo na mwenyewe hukauka siku ya pili. Kikosi kikisimama kwa saa chache tu, kila askari achimbe kishimo cha sentimita 30 na akifukie kabla ya kuondoka. Wala tusidhani haya ni mambo ya kale. Katika vita vya Ghuba vya 1990 hadi 1991, zaidi ya nusu ya askari wa Marekani waliohojiwa walisema walihara, na mboga mbichi ni miongoni mwa vyakula vilivyoshukiwa.

Sasa maji. Askari anayefanya kazi nzito juani hutoka jasho zaidi ya lita moja kwa saa, na kiu huchelewa kumwambia. Maji yakiwa ya moto na yananuka klorini, hunywa kidogo kuliko anavyohitaji bila kujua. Anywe mara kwa mara, kidogo kidogo, na asiruke mlo, maana chumvi inayopotea kwa jasho hurudi kupitia chakula. Kunywa zaidi ya lita moja na nusu kwa saa nako ni hatari: chumvi ya damu hushuka, na mtu huweza kupata degedege. Wapo viongozi wanaowanyima vijana maji ili wawe wakakamavu. Hakuna mwili unaozoea kukosa maji. Joto ndilo huzoeleka, kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kazi ikiongezwa polepole.

Mkiona mwenzenu anayumba, anaropoka au amekuwa mkali ghafla na mwili unawaka, msingoje jasho likauke. Mvueni vifaa, mpelekeni kivulini, mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni. Mpoozeni palepale huku gari likiitwa. Akisafirishwa bila kupoozwa, ubongo huendelea kuungua njiani.

Buti zikung'utwe kila asubuhi, maana nge hupenda kulala humo. Soksi zibadilishwe kila siku.

Kuna mdudu mwingine ambaye wengi hawamjui: inzi wa mchanga, mdogo kuliko mbu, asiye na mlio, anayeuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Hupenya matundu ya chandarua cha kawaida, kwa hiyo chandarua na sare vitiwe permethrini, dawa ya kuua wadudu. Huambukiza leishmania, ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliowapata mamia ya askari wa Marekani nchini Iraki kuanzia 2003. Kidonda chake hakiumi sana, na huweza kujitokeza wiki au miezi kadhaa baada ya kuumwa, askari akiwa ameshafika nyumbani. Ndugu mkiona kidonda cha namna hiyo kisichopona, mpelekeni hospitali na mumweleze daktari kwamba mgonjwa alikuwa jangwani, na wapi.