Mbawakawa wa maharagwe: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni mdudu kibibi huyo, mwache ale vidukari." Siye. Mbawakawa wa milimita 6 hivi, wa rangi ya machungwa inayong'aa, anayetoboa majani ya maharagwe kaskazini mwa Uganda mvua zinapoanza, ni wa jenasi Ootheca, nusufamilia Galerucinae, familia Chrysomelidae. Kibibi ni wa familia Coccinellidae. Oda yao ni moja, Coleoptera, lakini familia zao ni tofauti. Tazama vipapasio: vya Ootheca ni virefu na vyembamba kama uzi, vya kibibi ni vifupi na vina kirungu nchani. Usimuue kibibi kwa kumfananisha, ni msaidizi wako.

"Wa machungwa na mweusi ni spishi mbili." Rangi haiaminiki kabisa. Ootheca mutabilis amepewa jina la Kilatini lenye maana ya kubadilikabadilika, na ndivyo alivyo. Kumtenga na mwenzake O. proteus, wataalamu humpasua dume na kukagua viungo vyake vya uzazi kwa hadubini. Shambani huna haja ya kufika huko.

"Majani yametoboka, piga dawa, yamekwisha." Hili ndilo linalowagharimu wakulima zaidi. Jina Ootheca lisikupoteze: kifuko cha mayai ya mende nacho huitwa hivyo, lakini jike huyu hutaga udongoni, karibu na shina. Mabuu hula mizizi na vile vinundu vinavyoupa mmea naitrojeni. Dawa ya majani haiwafikii. Baadaye mmea hugeuka manjano na kunyauka, mtu akalaumu jua au ardhi iliyochoka. Kabla ya kununua mbolea, chimba mimea michache kwa jembe pamoja na udongo wake (ukiing'oa kwa mkono mabuu hubaki chini), kisha pukuta polepole na ukague mizizi.

Mabuu hugeuka bundo (hatua kati ya buu na mdudu kamili) humo humo ardhini, na mbawakawa wapya hujificha chini mpaka mvua za msimu unaofuata. Kwa hiyo lima mara baada ya kuvuna, uwafunue juani, na msimu ujao panda pale mahindi au alizeti. Kunde hazifai kufuatia maharagwe: Ootheca huzila pia, na huzienezea virusi vya mozaiki, ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Kuchelewesha kupanda kidogo huwakwepa wale wa mwanzo wa mvua, ila ukizidisha, mvua hukatika maharagwe yakiwa kwenye maua.