Kuhariri sauti kwa kompyuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kisumu, Kakamega hata Nakuru, kurekodi hakuhitaji tena studio kubwa. Kwaya hurekodi nyimbo zake kanisani, wahubiri hupeleka mahubiri redioni wakiwa na flashi mkononi, na wapigaji nyatiti na isukuti hutafuta faili safi ya kumpa mtangazaji. Kompyuta ya kawaida na Audacity, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, zinatosha kabisa. Ila zipo imani chache zinazorithiwa kutoka fundi mmoja hadi mwingine, na hizo ndizo zinazoharibu kazi nzuri.

“Nikishahifadhi, wimbo ninao”

Faili yenye mkia wa .aup3 ni mradi. Ndani yake kila sauti imekaa kwenye njia yake: ngoma peke yake, kinanda peke yake, waimbaji peke yao. Simu haiwezi kuicheza, na mtangazaji akiipokea hataweza kuifungua bila Audacity. Wimbo wa kusikilizwa hupatikana kwa kueksipoti, yaani kuutoa kama faili moja ya WAV (isiyobanwa) au MP3 (iliyobanwa ili iwe ndogo). Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi: mtu anaeksipoti MP3, kisha anafuta mradi ili apate nafasi. Mwezi ujao kwaya ikitaka ngoma ipunguzwe, haipunguziki, kwa kuwa sauti zote zimekwisha kuwa kitu kimoja. Weka vyote viwili.

Kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021, mradi ulikuwa faili ndogo ya .aup pamoja na folda iliyoishia na _data, na sauti yenyewe ilikuwa kwenye folda hiyo. Aliyebeba .aup pekee alibeba ganda tupu. Siku hizi ni faili moja, lakini mradi ukiwa wazi utaona faili nyingine pembeni inayoishia na -wal. Hiyo hubeba mabadiliko ambayo hayajaingizwa kwenye mradi. Stima ikipotea ghafla, usiifute kwa kudhani ni taka. Washa kompyuta, fungua Audacity, nayo itakuuliza kama urejeshe kazi.

Usihariri moja kwa moja kwenye flashi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili inayozidi GB 4, na Audacity yenyewe hukataa kuweka mradi humo. Fanyia kazi kwenye diski ya ndani, funga programu, ndipo unakili. Na uipe faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku. “Final mpya ya mwisho 2” haitakusaidia baada ya miezi sita.

“Programu itaondoa kelele yoyote”

Hapa ndipo watu wengi hupoteza muda, na inafaa kueleweka kwa undani. Noise Reduction ya Audacity hufanya kazi kwa kulinganisha. Unachagua sekunde moja au mbili zenye kelele tupu, bila mtu kusema, unabonyeza Get Noise Profile, kisha unachagua rekodi yote na kurudi kwenye kifaa hichohicho. Anza na upunguzaji wa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), usikilize kwa hedifoni, na usipite 12 bila sababu. Ukizidisha, sauti ya mtu huanza kulia kama inatoka chini ya maji.

Njia hiyo inafaa kwa kelele isiyobadilika, kama feni au mvumo wa mashine. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikipiga mabati ni jambo jingine: hupanda na kushuka kila mara na hujaza masafa yaleyale ya sauti ya binadamu. Ukiiondoa, unaondoa na maneno. Wingu likishafunga, simamisha kurekodi.

Mwangwi nao hauondoki kwa njia hii. Ukumbi wenye sakafu ya saruji na paa la mabati hurudisha sauti ya msemaji mwenyewe, na programu haina sampuli ya kutofautisha ya kwanza na ya pili. Sogeza maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, tundika mablanketi mazito nyuma na kando ya msemaji, na nusu ya tatizo itakuwa imekwisha kabla hujafungua kompyuta.

Mngurumo wa stima ndio rahisi kuuwinda. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo hukaa kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Kwanza chomoa chaja na urekodi kwa betri; mara nyingi hutoweka hapo hapo. Usipotoweka, tumia kichujio chembamba kwenye masafa hayo. Kwa hotuba ya kawaida unaweza pia kukata kila kilicho chini ya hezi 80, maana huko hakuna neno litakalopotea.

“Sauti ikipasuka, nitaishusha baadaye”

Mizani ya sauti ya dijitali ina dari: desibeli 0, na viwango vilivyo chini yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Sauti yenyewe huhifadhiwa kama mfululizo wa namba ziitwazo sampuli. Kwenye rekodi ya biti 16, ambapo kila sampuli hupewa tarakimu 16 za kompyuta, namba kubwa kabisa ni 32,767, na wimbi lolote linalotaka kupita hapo huandikwa kwa namba hiyohiyo. Kilele kinakatwa bapa. Ukiishusha sauti unapata ubapa uleule, mdogo tu. Kifaa cha kutengeneza vilele hukisia umbo lililopotea, na hufaulu pale tu panapokosekana sampuli chache.

Ngoma ya isukuti huponza wengi kwa sababu pigo lake huruka ndani ya milisekunde chache, haraka kuliko jicho linavyosoma mita. Waombe wapigaji wapige kwa nguvu yao yote kabla ya kuanza, halafu weka kiwango ili vilele vifike karibu na desibeli −12. Kwa biti 24 hupotezi chochote cha maana kwa kurekodi chini hivyo. Na ukiona vilele bapa vilivyo chini ya sifuri, usilaumu kompyuta: sauti ilipasukia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) au kwenye maiki.

“Ukinomalaizi, sauti zote zinalingana”

Kunomalaizi ni kupandisha au kushusha rekodi nzima hadi kilele chake kifike kiwango ulichochagua, kwa hiyo hutazama kilele kimoja tu. Ngoma na mahubiri vikiwekwa vyote kwenye kilele cha −1, mahubiri bado yatasikika kwa mbali, kwa kuwa sikio hupima wastani. Wastani huo hupimwa kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Kwa podikasti lenga −16 ikiwa ni stirio au −19 ikiwa ni mono, kisha tumia limita, kifaa cha kuzuia vilele, visipite desibeli −1. Redio za Ulaya hutumia −23. Kituo unachokipelekea kazi kina kiwango chake, kiulize.

“Stirio ni bora kuliko mono”

Maiki moja ni chaneli moja. Kuinakili kushoto na kulia hakuongezi chochote ila ukubwa: saa moja ya WAV ya kilohezi 44.1 (sampuli 44,100 kwa sekunde) na biti 16 ni karibu MB 635 kwa stirio, na nusu yake kwa mono.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa. Mikisa nyingi za kanisani hutoa sauti kwa waya wa balansi, ambao hubeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa. Ukichomeka waya huo kwenye tundu la stirio la kompyuta, kushoto na kulia vinakuwa kinyume. Kwenye hedifoni sauti husikika ya ajabu kidogo tu, lakini kwenye redio yenye spika moja hutoweka. Tenganisha chaneli mbili, futa moja, fanya iliyobaki kuwa mono.

“Nikigeuza MP3 kuwa WAV, ubora unarudi”

Haurudi. MP3 hutupa sehemu za sauti moja kwa moja, na WAV itakayozaliwa itabeba upungufu uleule kwa ukubwa mara kadhaa zaidi. Noti ya sauti ya WhatsApp nayo imebanwa, kwa mfumo uitwao Opus. Mwombe mtu arekodi kwa programu ya kurekodi ya simu yake, kisha akutumie faili kama hati.

Kila unapofungua MP3, ukahariri na kueksipoti MP3 tena, inabanwa upya na kuchakaa zaidi. Hariri WAV hadi mwisho. MP3 iwe nakala ya kutuma tu. Ikiwa MP3 ndiyo pekee uliyo nayo na unataka tu kukata mwanzo na mwisho, tumia programu kama mp3DirectCut, ambayo hukata bila kubana upya.