Moto umezimwa, zege bado linaumia

Mwenye jengo lililoungua huwa na swali moja: "Injinia, plasta tupige lini?" Majivu hayajapoa. Namwelewa, ana wapangaji na ana mkopo wa benki. Hata hivyo humsihi asiguse kitu kwanza, kwa sababu zege halijamaliza kuumia.

Mtu wa pwani aliyeona tanuu la chokaa ataelewa upesi. Matumbawe yakichomwa sana huwa chokaa hai. Ukiimwagia maji hufoka mvuke, ikaumuka na kumumunyuka kuwa unga. Ndani ya zege nako kuna chokaa, iliyozaliwa saruji ilipokutana na maji. Joto likifika karibu nyuzi 450, chokaa hiyo hunyang'anywa maji yake, ikawa chokaa hai. Zege likipoa hunywa unyevu wa hewani na maji ya zimamoto, na chokaa huanza kuumuka tena humohumo ndani, mahali pasipo na nafasi. Nyufa hujitokeza baada ya siku au wiki kadhaa, kwenye nguzo iliyoonekana nzima asubuhi ya kwanza.

Niliwahi kuitwa kwenye ghorofa lililopakwa rangi siku kumi tu baada ya moto. Lilipendeza. Miezi miwili baadaye plasta ilikuwa inabanduka na zege lake. Niligonga nguzo moja kwa nyundo ndogo, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Zege zima hulia kali na nyundo huruka mkononi. Lile lilijibu kwa sauti iliyofumba, ya chungu chenye ufa.

Nikachonga pembeni kutafuta rangi ya zege lenyewe. Zege lenye mchanga na kokoto zenye madini ya chuma hugeuka waridi kati ya nyuzi 300 na 600; zaidi ya hapo hupauka, likawa kijivu cheupe. Kina cha waridi ndicho kina cha jeraha. (Kokoto za mawe ya chokaa mara nyingi hazitoi rangi hiyo, kwa hiyo kutoona waridi si cheti cha uzima.) Pale waridi ulikuwa umezipita nondo, kwa sababu kava yake, yaani unene wa zege linalofunika nondo, haikufika hata sentimita moja. Fundi hakuweka biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo. Kitu cha bei ndogo namna ile!

Nondo yenyewe ikifika nyuzi 600 hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, ingawa nondo nyingi zikipoa hurudi karibu na hali yao. Zege halirudi. Chuma kisichofunikwa nacho hakisubiri kuyeyuka ndipo kianguke: jengo la Windsor jijini Madrid lilipoungua Februari 2005, nguzo za chuma za pembezoni juu ya ghorofa ya 17, ambazo zilikuwa hazijapata kinga ya moto, zilianguka na sakafu zake, na kiini cha zege, yaani kuta za katikati ya jengo, kikabaki kimesimama.

Kwa hiyo siku ya kwanza huagiza slabu zote zitegemezwe kwa miti, napiga nyundo kila nguzo, nachora duara la chaki nilipogonga na kuandika tarehe. Wiki nne baadaye narudi na nyundo ileile, nagonga ndani ya duara lilelile.